Kamati Imeridhika

Nimeandika mambo mengi maishani: barua za kuomba kazi, risala za harusi, na mashairi mawili ambayo namshukuru Mungu hayakuchapishwa popote. Lakini sentensi yangu iliyofika mbali kuliko zote ni hii: "Kamati imeridhika kwamba Mhazini ametumia fedha za ujenzi kwa matumizi yake binafsi." Niliiandika Jumatano usiku, kwa kalamu ya bluu, kwenye daftari la muhtasari la kanisa letu dogo la Uroa. Mimi ndiye niliyekuwa katibu.

Kamati iliyoridhika ilikuwa watu wanne. Mhazini mwenyewe hakuwepo, alikuwa zamu ya usiku hotelini. Hakuna aliyempigia simu. Hakuna aliyesema tumsubiri hadi kesho. Kikao kilichukua chini ya saa moja pamoja na sala ya kufungua na sala ya kufunga, na nakumbuka sala ya kufunga ilikuwa ndefu kuliko mjadala.

Dhehebu sitalitaja, wala jina la mtu yeyote. Wahusika wote wapo hai, na mmoja wao tumeshamtaja vya kutosha.

Kwa asiyepafahamu, Uroa iko pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Chwaka na Pongwe. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, kijiji cha Waislamu, na adhana ndiyo saa ya kila mtu, pamoja na sisi. Sisi Wakristo ni wachache, na wengi wetu ni watu wa bara tulioletwa na kazi za hoteli: wapishi, walinzi, wahudumu, madobi. Mimi nilitoka Muheza nikaja kukaa mapokezi. Ibada yetu tulikuwa tukifanyia kwenye chumba cha kupanga chenye viti vya plastiki, watu arobaini na kitu msimu ukiwa mzuri, na ndoto yetu ilikuwa moja tu: kupata mahali petu wenyewe, hata kama ni kuta nne na mabati.

Mhazini alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, dobi. Mtu wa kimya. Alikuwa akiandika mapato kwa penseli kwanza, kisha anapitisha kalamu juu yake baada ya kuhesabu mara ya pili. Nilikuwa nikimcheka kwa hilo.

Jumapili moja tukapata habari kwamba mgeni kutoka ngazi za juu anakuja kuangalia maendeleo ya mfuko wa ujenzi. Baada ya ibada sanduku likafunguliwa mbele ya watu wote. Daftari lilisema 1,840,000. Sanduku likasema 1,200,000. Laki sita na arobaini hazikuonekana. Mzee wa kanisa aliyekuwa anahesabu akainua kichwa, akasema fedha hazijatimia, na macho yote yakageuka upande mmoja. Mhazini alikuwa amesimama na daftari lake mkononi. Akasema, "Mimi nimeandika kilichoingia." Ndiyo maneno pekee aliyopata kusema kanisani kuhusu jambo hilo.

Jumatano tukakaa. Mzee yuleyule ndiye aliyeongoza kikao, na mchungaji wetu wa wakati huo alikuwa pembeni, ameinamisha kichwa. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele kusoma matangazo: kwaya ifanye mazoezi Alhamisi, kuna mchango wa msiba, na Mhazini amesimamishwa nafasi yake na kutengwa na meza ya Bwana kwa miezi sita. Nilisoma yote kwa sauti moja.

Ndugu msomaji, kutengwa kwa kanisa dogo kwenye kijiji kidogo hakuishii kanisani. Mwenye duka aliyekuwa akimkopesha sabuni na unga akamwambia sasa ni pesa taslimu. Hotelini kwake msimamizi akachukua ufunguo wa stoo ya mashuka, akampa mtu mwingine, bila maneno. Watoto wa jirani wasiojua hata tofauti ya mhazini na mchungaji walijua kwamba yule kaka ni mwizi wa kanisa. Alivumilia majuma kama sita, kisha akahamia kaskazini, Nungwi. Hakuaga. Daftari la mapato alilifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaliacha mlangoni kwangu.

Miezi minane baadaye mwenye nyumba alitaka chumba chake, tukawa tunahamisha vitu. Ndani ya kitabu cha zamani cha stakabadhi, kwenye droo ya meza, nikakuta karatasi iliyokunjwa mara mbili. Mwandiko nilikuwa naujua: "Nimechukua laki sita na arobaini, nitarudisha mwezi wa tatu." Chini kuna tarehe na sahihi ya mzee wa kanisa, yule aliyehesabu, yule aliyeongoza kikao.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Jambo lililonijia kwanza halikuwa hasira, lilikuwa swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeliuliza: ufunguo wa pili wa sanduku ulikuwa kwa nani? Sanduku lile lilikuwa na funguo mbili. Sote wanne tulijua hilo Jumatano ile. Mmoja alikuwa nao Mhazini, wa pili alikuwa nao mtu aliyekuwa anaongoza kikao. Swali hilo moja lingetosha. Lakini mwenye mashtaka alikuwa amekalia kiti cha hakimu, na sisi tulikuwa na usingizi.

Hasira ikaja baadaye, na ilipokuja ilikuwa tamu, nakiri. Nilipanga kila kitu kichwani. Jumapili nitasimama palepale niliposimama, nitaisoma karatasi kwa sauti, nitataja jina, nitamwangalia usoni. Nilikuwa tayari nimeshaiandika sentensi mpya: "Kamati imeridhika kwamba Mzee..."

Kabla ya Jumapili nikakutana na Bibi.

Bibi ni jirani yangu, mkulima wa mwani. Maji yalikuwa yamekupwa siku ile, bahari imekwenda mbali hata ukitazama unaona vigingi tu na wanawake wameinama. Yeye alikuwa amesharudi, amekaa barazani anakata kamba vipande vipande vya kufungia mbegu. Nikamwamkia. Akanitazama.

"Marahaba. Leo hata salamu yako nzito. Una nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Sikutaja jina, lakini Uroa hakuna haja ya kutaja jina. Alisikiliza huku anakata kamba. Nilipomaliza akauliza, "Na huyo mzee wenu mwenyewe umeshamsikia?"

"Bibi, karatasi ninayo."

"Karatasi haijibu suala."

Kisha akanisimulia habari ya Nabii Daud, kama alivyofundishwa chuoni akiwa mtoto. Watu wawili walipanda ukuta wakamwingilia akiwa kwenye ibada yake. Mmoja akalalamika: ndugu yangu huyu ana kondoo tisini na tisa, mimi ninaye mmoja, naye amemtaka huyo huyo mmoja, na kwa maneno kanishinda. Daud hapohapo akasema umedhulumiwa. Kisha akatambua kwamba ametiwa mtihanini, akaanguka kusujudu na kuomba msamaha. Ikasomwa katika Sura ya Swaad, akasema Bibi, na wapo wanazuoni wanaosema kosa lake lilikuwa hilo: alimsikia mmoja akahukumu, wa pili hajafungua mdomo.

"Na yule wa pili," nikamuuliza, "huenda kweli alikuwa dhalimu."

"Huenda. Basi angesikilizwa udhalimu wake, ujulikane wote."

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ya msomaji aliyedhani anavijua vitabu vyake. Kwa sababu kondoo yule mmoja hata sisi tunaye. Katika kitabu cha pili cha Samweli, nabii Nathani anamwendea Daudi na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi anawaka hasira, anatamka hukumu ya kifo hapohapo, bila kuuliza ni nani, lini, wapi. Na tajiri yule alikuwa yeye mwenyewe. Miaka yote nilikisoma kisa kile kama kisa cha dhambi ya mfalme na Bathsheba na Uria. Sikuwahi kuona kwamba pia ni kisa cha mtu anayehukumu upesi kwa sababu hasira yake inampa raha ya kujiona mwema. Daudi wa Bibi na Daudi wangu wote wawili wana haraka.

Juma lile nilikuwa na siku mbili za mapumziko. Nikapanda gari kwenda mjini, nikashuka Darajani, nikatembea hadi Mkunazini, nikaingia Kanisa Kuu la Kristo. Wengi mnalijua: Askofu Edward Steere alilijenga mahali palipokuwa na soko la watumwa, baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Inaelezwa kwamba madhabahu yamewekwa pale palipokuwa na nguzo ya kuchapia watumwa. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikawaza kwamba katika ardhi ile maelfu ya watu walisimama wakaamuliwa maisha yao, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa chochote.

Lakini niliyekwenda kumtafuta pale alikuwa askofu mwingine, Frank Weston. Sisi wa Muheza tumekua na jina hilo. Alikuwa Askofu wa Zanzibar tangu 1908, na alifariki kwetu, Hegongo karibu na Magila, Novemba 1924. Babu yangu alikuwa akimtaja kama mtu anayemfahamu. Na Weston ndiye aliyefungua mashtaka makubwa kuliko yote yaliyowahi kutoka kisiwani humu ndani ya kanisa.

Mambo yalikuwa hivi. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, kwenye misheni ya Waskoti, wakizungumzia namna ya kushirikiana. Maaskofu wawili wa Kianglikana walikuwepo: Willis wa Uganda na Peel wa Mombasa. Mwishoni Peel aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wamisionari wasio Waanglikana wakapokea pia. Weston hakuwepo. Habari zilipomfikia Zanzibar, akawashtaki maaskofu wenzake wote wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson. Mashtaka yenyewe hayakuwa ya mchezo: uzushi wa imani na kulifarakanisha kanisa.

Leo wengi wetu tungeona Weston alikosea kwenye hoja yenyewe, maana watu kusali pamoja na kumega mkate pamoja hatuoni kama ni jinai. Mimi nami naona hivyo. Isitoshe alikuwa na moto wa kupita kiasi. Mwaka 1915 alifikia kutangaza kwamba yeye na dayosisi yake hawana tena ushirika na Askofu wa Hereford huko Uingereza. Sitaki kumfanya mtakatifu wa utaratibu.

Hata hivyo, hebu mtazame namna alivyoshtaki. Hakunong'ona. Aliandika kwa jina lake mwenyewe, akataja anaowashtaki kwa majina, akaeleza ni tendo gani, lililofanyika wapi. Alitaka wakane makosa hayo au wasikilizwe mbele ya Askofu Mkuu akiwa na maaskofu wasiopungua kumi na wawili. Maana yake ni kwamba hakutaka kuwa mshtaki na hakimu kwa pamoja. Na Davidson naye hakukurupuka. Alikataa kuifanya kesi ya uzushi, akachukua maswali mawili yaliyo wazi, moja kuhusu ule mpango wa ushirikiano na jingine kuhusu ibada ile, akayapeleka kwa baraza la maaskofu lililokaa London Julai 1914. Washtakiwa walikuwa wamepata mashtaka kwa maandishi, nao wakajibu kwa maandishi. Willis alichapisha utetezi wake. Vita Kuu ikaanza, na majibu yakatoka Pasaka ya 1915. Walisema kwa jumla kwamba ibada ile ilifanywa kwa nia njema lakini isirudiwe. Watu walicheka sana. Utani ukaenea kwamba maaskofu wameamua ibada ya Kikuyu imempendeza Mungu mno na kwa vyovyote isifanyike tena.

Ucheke, ni haki yako. Lakini mimi niliyetoka kwenye kikao cha chini ya saa moja sikuweza kucheka. Karibu miaka miwili ya kusubiri, jibu lisilomfurahisha mtu, na mwisho wake hakuna askofu aliyepoteza jina lake bila kusikilizwa. Tena Julai 1918 Wakristo walipokutana Kikuyu mara ya pili, nani alikuwepo? Weston. Mshtaki alisafiri hadi kwenye eneo la mashtaka, akaketi na watu aliowaita wazushi, akaleta mapendekezo yake ya umoja. Kama mwaka 1913 wangehukumiana kwa barua na tangazo la Jumapili, sidhani kama kingebaki kiti cha kukalia mwaka 1918.

Basi nikarudi Uroa. Nikaenda kwa mchungaji mpya, maana yule wa kwanza alikuwa ameshahamishiwa bara, nikampa karatasi.

Kamati ikakutana, na hapo nikaona kitu nilichokuwa sijakitarajia. Nilidhani nitapambana na haraka ya kuhukumu. Nikakuta haraka ya kusamehe. Mjumbe mmoja alisema huyu ni mzee wetu, ametulea. Mwingine akasema tumsitiri, jirani zetu watatuonaje. Wa tatu akatoa ile methali tunayoipenda kuliko zote vikao vinapokuwa vigumu: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Yaishe.

Nikauliza: kwa Mhazini mbona hatukusema yaishe?

Kukawa kimya. Na katika kimya kile nikaelewa jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kuhukumu upesi na kusamehe upesi ni ndugu wa tumbo moja. Dobi kijana asiye na ukoo kisiwani tulimhukumu upesi. Mzee mwenye heshima tulitaka kumsamehe upesi. Mara zote mbili tulikuwa tunakwepa kazi ileile, kazi ya kukaa, kuuliza, kusikiliza, na kukubali kwamba tutasikia tusichokitaka. Msamaha unaotolewa kabla kosa halijajulikana haumsamehi mtu, unafunika tu. Na yaliyopita yalikuwa ndwele. Kuna mtu Nungwi alikuwa anaumwa nayo.

Tukakubaliana, kwa shida, tufanye safari hii inavyotakiwa. Siyo kwamba tulibuni jambo jipya. Mathayo 18 ina ngazi zake: wewe na yeye, kisha mashahidi, kisha kanisa. Barua ya kwanza kwa Timotheo inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kupokea mashtaka juu ya mzee. Nikodemo aliwauliza wenzake kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Muungano inasema mtu anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu. Na nyinyi mliosoma Kusadikika ya Shaaban Robert mnajua kwamba hata Karama, aliyeshtakiwa na Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, alipata nafasi ya kusimulia habari za wajumbe sita kabla ya kuhukumiwa. Nchi ile ya dhuluma inayoelea hewani ilimpa mshtakiwa muda wa kusema. Sisi tuliomba tufungue kwa sala, tukashindwa kumpa mtu dakika kumi.

Tukampa mzee mashtaka kwa maandishi, na siku saba za kujiandaa, na ruhusa ya kuja na mtu wake. Wajumbe wawili tuliwaazima kutoka kanisa jingine, wasiomjua. Mimi niliyeikuta karatasi nikatoa ushahidi, kisha nikatoka nje. Muhtasari akaandika mwingine.

Waliyoyasikia niliyasoma baadaye. Mzee alikiri kuchukua fedha. Mtoto wake alikuwa amelazwa, akawa hana pa kushika. Lakini aliongeza jambo ambalo karatasi isingelisema kamwe: siku ileile aliyochukua, alimweleza mchungaji wa zamani. Mchungaji alijua. Alimwambia rudisha taratibu, mwezi wa tatu haujafika. Halafu mgeni akatangazwa, sanduku likafunguliwa kabla ya wakati, macho yakageukia kwa Mhazini, na wote wawili wakanyamaza. Mzee alisema neno likishatoka likaangukia kwa mwingine, hakuweza tena kulivuta. Mchungaji alipoandikiwa barua hakukanusha. Suala lake limepelekwa kwa wakubwa wake, na huko lina njia yake.

Mnaona? Ningesoma ile karatasi Jumapili kwa hasira yangu tamu, tungempata mwizi mmoja tukaridhika mara ya pili, na kosa kubwa zaidi lingebaki limeinamisha kichwa pembeni. Hapo ndipo nilipomwelewa Bibi. Nilikuwa nikidhani kumsikiliza mtuhumiwa ni kumhurumia. Sasa naona ni njia ya kuufikia ukweli, hata anapokuwa mkosaji kweli.

Niongeze jambo moja, maana najua utaratibu unaweza kutumiwa vibaya. Yapo mashtaka ambayo si ya kamati ya kanisa hata kidogo. Mtoto akiguswa, binti akilazimishwa, mtu akipigwa, hayo ni ya polisi na ustawi wa jamii, siku hiyohiyo. Kanisa likisema tulimalize wenyewe, limeshachagua upande. Na ile "wewe na yeye peke yenu" ya Mathayo isigeuzwe kumrudisha binti chumbani kwa mtu aliyemuumiza. Kumsikiliza aliyeshtakiwa hakumaanishi kumnyamazisha aliyeshtaki. Sikio ni la wote wawili.

Mzee alirudisha fedha kwa mafungu manne. Nafasi yake aliiacha. Yeye mwenyewe alisimama mbele ya kanisa akasema alichofanya, na sikumwangalia usoni kama nilivyokuwa nimepanga.

Mhazini nilimpigia simu mimi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada katibu, mliponisoma mlinisoma mbele ya watu. Mkinisafisha, nisafisheni mbele ya watu haohao." Hakuomba kingine.

Tukalisoma Jumapili, mahali palepale, baada ya tangazo la kwaya. Nililisoma mimi, nikasema pia kwamba sentensi ya kwanza niliiandika mimi na kwamba haikuwa ya haki. Lakini watu haohao hawakuwepo. Msimu ulikuwa umepita, hoteli mbili zilikuwa zimepunguza wafanyakazi, na karibu nusu ya waliosikia tangazo la kwanza walikuwa wamesharudi Mwanza, Dodoma, Moshi, na lile la kwanza walikuwa wamekwenda nalo. Mwenye duka nilimwendea mwenyewe. Msimamizi wa stoo ya mashuka naye. Waliobaki nimekuwa nikiwatafuta mmoja mmoja kwa simu, na orodha haijaisha.

Ukurasa ule sikuuchana. Nimepiga mstari mmoja juu ya sentensi, ili isomeke, na pembeni nimeandika tarehe, sababu na jina langu. Na tangu hapo, kabla sijaandika kwamba kamati imeridhika, naandika kwanza nani ameulizwa, ameulizwa nini, na amejibu nini. Wakati mwingine wajumbe wanalalamika kwamba vikao vimekuwa virefu.

Nilipiga picha ukurasa ule nikamtumia Mhazini. Alama za bluu zilionyesha ameufungua asubuhi. Jibu lilikuja usiku, baada ya zamu yake.

"Nimeona."